Tulimfundisha Kutembea, Tukasahau Magoti

Jumapili, jioni. Jua limewaka tangu asubuhi, upepo umejaa vumbi, na mawingu yamepita juu ya Kahama kama wageni wanaokwenda kwa watu wengine.

Shajara, salamu nyingi. Mimi shuleni nilifundishwa kuandika barua tu, nikaishia hapo, kwa hiyo na wewe nitakusalimu kama barua. Mimi sijambo, moyo ndio unaenda mbio. Baba Minza hajambo, kikohozi chake kinaamka kabla yake. Jirani yetu Mama Kulwa hajambo, na mdomo wake haujambo. Mbuzi wazima. Kuku wamepungua mmoja leo, nitaeleza. Binti yangu Minza hajambo kwa namna yake. Na mjukuu wangu Masele, ambaye hakai hapa, anakaa kwa babu yake mzaa baba huko Rwamgasa, leo nimemwona kwa macho yangu. Ni mzima, mnene, ana meno. Wote wanakusalimu isipokuwa Minza. Amelala ameugeukia ukuta, sikuthubutu kumuuliza kama ana salamu.

Nina uchungu leo. Nauandika hivyo hivyo ulivyo.

Kwa wanaopita hapa mara ya kwanza: ukurasa huu alinifungulia Minza mwenyewe, kabla hajaugua, ili niweke picha za vitumbua vyangu watu waagize. Akanifundisha pa kubonyeza. Vitumbua viliwekwa mara mbili tatu, halafu mambo yakabadilika, na mimi nikabaki na mahali pa kuandikia na sina cha kuuza.

Minza aliugua siku chache tu baada ya kumzaa Masele. Presha ilipanda, kichwa kikamuuma, akawa anaongea maneno yaliyopinda. Walipomfikisha hospitali upande wa kushoto ulikuwa umeshalala. Wakasema ni kiharusi. Mimi nilidhani kiharusi ni cha wazee, siyo cha msichana ambaye maziwa ndiyo kwanza yanaingia.

Alipotoka hospitali, wakwe zake walimleta hapa Nyahanga kwa gari la kukodi. Wakamteremsha pamoja na begi lake. Mtoto hakuteremshwa. Mama mkwe wake, Mama Paulo, aliniambia kwa upole, na upole ule ndio ulioniuma, kwamba mtu asiyeweza kusimama hawezi kubeba. Akitembea kama watu, tutakuja kumchukua, na mwanawe atamkuta.

Akitembea kama watu.

Hayo ndiyo maneno tuliyoamka nayo na kulala nayo humu ndani tangu siku ile. Hatukuuliza watu gani. Hatukuuliza kutembea kupi. Tulisikia kutembea, tukashika kutembea.

Watu wakija kunipa pole huwa wanauliza amepewa dawa gani. Ni swali la kawaida, hata mimi ningeuliza. Vidonge vya presha anavyo na anakunywa, lakini mguu haukupewa kidonge, wala sindano, wala mafuta ya kuchua. Mguu ulipewa dada wa mazoezi. Ukimwambia mtu hivyo anakutazama kama umeficha kitu. Mganga akikupa mzizi unaufunga kwenye kitambaa, watu wanaona umetibiwa. Sisi tulitoka hospitali mikono mitupu, eti tumetibiwa.

Huyu dada ni mtu wa pwani, mpole, anacheka na wagonjwa wake. Siku ya kwanza alimtembeza Minza mbele ya kioo kirefu, halafu akaniuliza mimi, mama, mguu wenye shida ni upi. Nikamwonyesha wa kushoto, kwani si ndio unaoburuzwa. Akasema nitazame vizuri, nitazame wa kulia. Nikatazama. Ule mguu mzima ulikuwa unakimbilia chini kama umekanyaga mchanga wa moto. Hatua ya kushoto ndefu, ya kulia fupi ya kuiba. Akanieleza kwamba Minza hataki mguu wa kushoto ubaki peke yake umebeba mwili, hata kidogo, kwa hiyo mzima unaharakisha kumwokoa. Mwendo unapinda hapo. Akamwambia Minza, "Wewe mguu wako huuamini. Kazi yetu mimi na wewe ni uuamini."

Basi tukaanza kazi hiyo ya kuamini.

Hospitali ni mara moja kwa wiki, siku nyingine zote mwalimu ni mimi. Kule dada alikuwa na simu inayogonga tiki, tiki, na Minza anaweka mguu kila inapogonga, kushoto sawa na kulia, hakuna kuiba. Simu yangu mimi ikifanya hivyo inazimika. Nikachukua kidumu cha mafuta kilichokwisha, nikakigonga kwa mwiko. Na kweli, ukimgongea anatembea kama aliyekumbushwa kitu. Ukiacha kugonga anaenda kidogo, kisha mguu mzima unaanza tena wizi wake.

Kioo hatuna cha kumwonyesha mtu mzima wote. Dada akasema asubuhi jua likiwa chini mgongoni, mtu anajiona kwenye kivuli chake. Ni kweli. Tulikuwa tunatoka mapema uani, Minza anatembea nyuma ya kivuli chake mwenyewe akikirekebisha mabega.

Kuna zoezi moja sijalipenda mpaka leo. Dada alimwambia aongeze kosa makusudi. Ile hatua ambayo tayari ni ndefu, airefushe zaidi, achechemee kupita kiasi, halafu aache. Eti mwili ukilisikia kosa likiwa kubwa unalikataa wenyewe. Alisema nchi nyingine wana mashine ya kutembelea yenye mikanda miwili, kila mguu na mwendo wake, inafanya jambo hilo hilo. Sisi mashine yetu ni uani. Nilimfanya mwanangu achechemee vibaya zaidi mbele ya watu, na Mama Kulwa akaniuliza kwa juu ya ua kama siku hizi namfundisha au namkomoa. Nikaingia jikoni nikalia, nikatoka, nikaendelea kugonga. Maana baada ya kuchechemea kule, hatua zilizofuata zilinyooka. Nyooka kabisa. Siyo kwa muda mrefu, lakini nilikuwa nimeziona.

Na majivu. Dada alisema tumchoree mistari chini, umbali ulio sawa, awe anakanyaga mstari kwa mstari. Chaki ya wapi. Nikachukua majivu ya jikoni nikachora uani. Hebu fikiri, mwanamke wa umri wangu, macho haya mekundu ya moshi, alfajiri, namwaga majivu chini kwa mistari na kupiga ngoma ya kidumu. Mama Kulwa alikuja akicheka akasema, "Mama Minza, sisi tunakujua. Wasiokujua je?" Alicheka lakini hakuwa anatania. Kwetu huku vikongwe wameitwa wachawi na kuuawa kwa mambo madogo kuliko hayo. Siku ile ile nikayafagia. Tukaweka mabua ya mtama badala ya majivu, Minza akawa anayavuka. Mabua hayajawahi kumtia mtu hatarini.

Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi. Nataka niiandike yote, kwa sababu leo imeonekana kama hatukufanya kitu.

Mguu ulirudi. Haukurudi wote, ila ulirudi. Mkono nao ukapata nguvu ya kubana kitu kifuani. Minza akaanza kuchota maji kwa ndoo ndogo, akafika bombani na kurudi, akaenda kanisani kwa miguu yake. Dada alikuwa amemuuliza mwanzoni kabisa ni kazi gani za nyumbani anataka kuzirudia, ili mazoezi yafuate kazi hizo. Minza akataja maji, kupika, kufagia, kubeba mtoto kutoka chumbani mpaka jikoni. Mimi nikaongeza kwenda sokoni. Dada akayashika yote hayo, na yote tuliyafanyia mazoezi.

Hakuna aliyesema kupiga magoti.

Nani angesema? Kwetu Usukumani mwanamke anashuka chini kumsalimu mkubwa kama anavyopepesa jicho. Hujui kama unafanya. Dada ni mtu wa pwani, kwao mkwe unamshika mkono ukainamisha kichwa, imekwisha. Asingejua kuuliza. Sisi tulijua, na tusingejua kusema.

Wiki iliyopita Baba Minza akapiga simu Rwamgasa akasema, waje wamwone, binti anatembea. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayetangaza mavuno. Leo wakaja. Mzee Bundala, baba mkwe wa Minza. Mama Paulo. Paulo mwenyewe, mume wa Minza, ambaye kazi yake ni duarani huko kwenye mashimo ya dhahabu na ambaye nyusi zake siku zote zina vumbi la mawe hata akioga. Na Masele, mgongoni kwa bibi yake, akitazama kila kitu kama mkaguzi.

Nilitoka kuwapokea. Nikapiga magoti nikamsalimu Mzee Bundala, akaitika marahaba, nikainuka, nikapangusa kanga yangu vumbi, nikarudi jikoni. Nililipangusa vumbi kwa mkono wangu huu, na hata hapo sikuona.

Walikaa uani kwenye kivuli cha ukuta. Niliwasikia wanaume wakiulizana habari za mvua na ng'ombe, halafu Mzee Bundala akafika kwenye jambo. Aliuliza ni dawa gani iliyomwinua. Baba Minza akasema hakuna dawa ya mguu, dawa ni kutembea.

"Kutembea," Mzee Bundala akasema. "Mbona hata mbuzi anatembea, na hatumpeleki hospitali."

Wakacheka. Baba Minza naye akacheka, ndivyo ilivyo, wageni wako wakicheka unacheka. Mimi nilikuwa nasonga ugali sikucheka.

Minza alikuwa chumbani. Tulikubaliana tangu jana kwamba sitagonga kidumu mbele ya wakwe, wasije wakasema anatembezwa kama mcheza ngoma. Lakini alipotokea mlangoni amevaa kitenge chake kipya, nikaona mguu wa kulia unataka kuharakisha, mkono wangu haukuweza kutulia. Nikagonga mwiko kwenye ukingo wa sufuria, kama anayekung'uta ugali. Kushoto. Kulia. Kushoto. Hakuna aliyejua isipokuwa yeye. Hakunitazama lakini nikaona mabega yanashuka.

Alitembea, jamani. Nisidanganye wala nisiongeze chumvi, alitembea kutoka mlangoni mpaka pale walipokaa, na kama ungemwona kwa nyuma ungesema ni msichana anayekwenda kwenye shughuli zake. Mama Paulo aliacha kumpangusa mtoto kamasi. Paulo alinyanyua uso kutoka kwenye simu. Mimi nilikuwa nagonga sufuria na machozi yananitoka, ugali unaungua.

Akafika mbele ya Mzee Bundala. Akasimama.

Akaendelea kusimama.

Nilimwona akitazama chini, pale penye vumbi mbele ya viatu vya mkwe wake, na ndipo na mimi nikaona. Mwiko ukabaki hewani. Hatujawahi. Hata mara moja, katika asubuhi zote zile, hatujawahi kushuka chini.

Akasema shikamoo akiwa amesimama, kichwa ameinamisha mpaka kidevu kinagusa kifua. Mzee Bundala hakuitika. Nadhani hakukusudia ubaya, alikuwa anangoja. Mkwe amesimama mbele yako unangoja ashuke, ndipo unaitika. Akangoja, na Minza akasimama, na kile kimya kikawa kinene.

Mama Paulo ndiye aliyekivunja. "Miguu imepona," akasema. "Adabu imebaki hospitali."

Basi Minza akajaribu.

Aliniambia baadaye, kwa sentensi moja tu, kwamba alikumbuka neno la dada. Uuamini mguu wa kushoto. Akautanguliza ule wa kushoto, akauwekea mwili wote ili goti la kulia lishuke kwa heshima polepole. Na ule mguu, ambao kwa kutembea ulikuwa umeshaaminika, kwa kushuka haukuwa umefundishwa kitu. Ulikunjika upande. Akaanguka kwa ubavu, kitenge kikapanda, kiganja kikachubuka.

Masele akacheka. Ni mtoto, aliona mtu amejirusha chini akadhani ni mchezo. Kicheko kizuri, cha tumboni. Ndiyo mara ya kwanza Minza amesikia mwanawe akicheka, na alikuwa amelala vumbini.

Nilikimbia na mwiko mkononi. Akasema, "Niache, mama." Akajivuta mpaka kwenye kiti cha baba yake, akakishika mguu, akainuka nusu, akainuka yote. Paulo alikuwa amenyanyuka kwenye kiti chake. Nusu. Mama yake akamtazama, akakaa. Nimeliona hilo na sitalisahau, wala sitajifanya sikuliona.

Yaliyofuata yalisemwa kwa adabu sana. Mzee Bundala si mtu mbaya. Alimpa Minza pole, hata akaitika ile marahaba iliyochelewa. Kisha akamwambia Baba Minza, taratibu kama mtu anayekataa ng'ombe mgonjwa bila kumvunjia heshima mwenye ng'ombe, kwamba maendeleo wameyaona, lakini nyumba yake ni ya watu wengi, inaingia wazee na wageni, na mke wa mwanawe akiwasalimu wakubwa amesimama kama askari, jina litakuwa la nani. Mtoto abaki kule alikozoea. Watakuja tena baada ya mavuno waone. Na akashauri, kwa nia njema, tuachane na hizi mbio za uani, tumpeleke kwa mtaalamu mmoja anayemfahamu upande wa Geita. Mguu unaotembea lakini unakataa kusalimu, akasema, huo haukupatwa na presha. Binti alikanyaga itego. Kwa wasiojua, itego ni dawa mbaya inayotegwa njiani, mtu akiikanyaga mguu unaharibika.

Najua Baba Minza alikuwa analiangalia lile wazo kama linaweza kuwa kweli, nikamchukia kidogo, dakika chache tu. Na mimi mwenyewe nililiangalia.

Tukala. Ndiyo, tulikula. Kuku niliyemtunza kwa ajili ya furaha yetu alilika wote, Mama Paulo akasifu mchuzi. Ugali ulikuwa na harufu ya kuungua na hakuna aliyelisema.

Baada ya chakula Masele aliwekwa chini. Anatambaa kwa kasi, bado hajasimama mwenyewe, anashika vitu. Alizunguka viti, akawachunguza kuku waliobaki, kisha akafika kwa Minza, aliyekuwa amesimama kando ya mlango kwa sababu akikaa kiti cha chini kuinuka kunamtoa jasho mbele ya watu. Akamshika mguu. Wa kushoto. Akaukumbatia kwa mikono yote miwili, akajivuta juu, akasimama, akawa anayumba, amening'inia kwenye ule mguu kwa uzito wake wote.

Minza hakusogea. Nilikuwa natazama goti lake nimeacha kupumua. Halikutikisika.

Mtoto akanyanyua uso, akamtazama kwa juu, akanyoosha mkono mmoja kama wanavyofanya wakitaka kubebwa. Na Minza akanyoosha wake. Haukufika. Ulikuwa umebaki upana wa kiganja kati ya mkono na mkono, na upana ule ulitaka magoti. Akainama kadiri alivyoweza, akashika fremu ya mlango, akainama tena. Masele alipoona hachukuliwi akaanza kulia. Mama Paulo akaja, akamkwapua, akamtupa mgongoni, akafunga kanga.

"Njoo mwanangu," alimwambia mtoto. Mwanangu.

Wakaondoka jua likiwa bado juu. Paulo alichelewa nyuma kama anafunga kamba ya kiatu. Nilikuwa nakusanya sahani, sikujificha, nilisikia. Alimwambia Minza kwamba alitaka kumwinua, ila wangesema mke wake anamtawala, huko duarani maneno yanashuka mpaka shimoni. Minza akamwambia aende, watamwacha. Basi. Hakuna zaidi. Walioana kanisani watu hawa, mimi nilikuwepo, nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka.

Nimekaa hapa najiuliza hasira yangu niitue wapi. Kwa Mama Paulo? Amemlea mjukuu wangu vizuri, mtoto ana mashavu. Kwa dada wa mazoezi? Ametupa kutembea. Kwa mila? Mimi mwenyewe nimepiga magoti leo, na kesho nitapiga, na mkwe wangu akinisalimu amesimama nami nitasikia baridi moyoni. Hicho ndicho kinachonichoma. Nawaelewa. Ningekuwa ule upande, huenda ningesema maneno yale yale ya Mama Paulo, labda kwa sauti ndogo zaidi.

Lakini niliyemzaa yuko upande huu.

Hapa niliacha kuandika kwanza. Nilisikia kitu kimeanguka chumbani, nikakimbia.

Minza alikuwa sakafuni. Nikaanza kupiga kelele Yesu na Maria, akaniambia ninyamaze, hajaanguka, ameshuka. Alikuwa ametandika mkeka, ameburuta kiti, na amejishusha akikishikilia. Kilichoanguka ni kiti. Alikuwa amepiga magoti yote mawili kabisa, mgongo umenyooka, jasho linamtoka, uso umevimba kwa kulia. Nikamwambia mwanangu acha, pumzika leo, wale watu hawastahili. Nikasema na mengine mabaya juu ya wakwe zake, sitayaandika.

Akanisikiliza mpaka nikamaliza. Halafu akasema, "Mama, wao wapo juu, wamekaa kwenye viti. Masele ndiye yuko chini."

Nikakaa mkekani pembeni yake.

Tumejaribu kumwinua. Kushuka ameweza akiwa na kiti. Kuinuka hawezi bila kuvuta kiti kwa mikono yote miwili, na mtu mwenye mikono yote miwili kwenye kiti hana mkono wa mtoto. Tumejaribu goti la kulia litangulie kushuka, limeshindikana. La kushoto litangulie, mzima ubaki mbele umeshikilia, hapo ameshuka vizuri zaidi, lakini naogopa nisije nikamfundisha vibaya likakaa hivyo. Nimempa mto akaubana kifuani kama mtoto, akajaribu kuinuka nao, akarudi chini. Amejaribu tena. Baba Minza alikuja mlangoni, akatazama, akaenda akarudi na kile kidumu na mwiko, akaviweka karibu yangu, akaondoka akikohoa. Nimemsamehe zile dakika.

Lakini sijui nigonge vipi. Mdundo wa kutembea naujua. Wa kuinuka una mapigo mangapi?

Dada wa mazoezi amekwenda kwao likizo na simu yake haipatikani. Ndiyo maana uchungu huu nauweka huku nje badala ya kuufungia ndani. Kama unasoma hapa na umewahi kumwuguza mtu wa kiharusi akaweza tena kupiga magoti na kuinuka, au kazi yako ni hii ya mazoezi, niambie. Goti lipi litangulie kushuka? Mguu upi usimame kwanza? Mtoto abebwe upande wa mkono mzima au upande mbovu? Kuna cha kushika ambacho si kiti? Usinitajie dawa wala mtaalamu wa Geita, nimeshatajiwa. Niandikie hapa chini, maneno mepesi, Kiswahili cha kawaida, nitasoma hata kama ni marefu.

Tena niandikie upesi, usingoje wiki iishe. Wakati wanaondoka leo, Masele alikuwa mgongoni kwa bibi yake anasinzia, na akamwita huyo bibi mama. Minza alikuwa amesimama karibu, na alisikia.